Himaya ya Meksiko ingewezekana, ila si kwa Iturbide

Wapenda historia ya "ingekuwaje" wakifika Meksiko, wengi humkimbilia Kaizari Maximilian. Si ajabu. Kuna mwana wa ukoo wa kifalme wa Austria, kuna kasri la Chapultepec, kisha kuna risasi zilizomuua asubuhi ya tarehe 19 Juni 1867 kule Querétaro. Kisa kitamu, lakini huwezi kujenga juu yake dola lenye nguvu. Bwana yule aliingia 1864 akibebwa na jeshi la Napoleon III wa Ufaransa, na jeshi lilipoondoka, utawala wake ukafuata. Alipewa kiti, nchi hakupewa. Tumwache apumzike.

Jenerali Agustín de Iturbide anastahili muda zaidi. Jeshi lake liliingia Mexico City Septemba 1821, na Julai 1822 akavikwa taji la kaizari. Ramani ya wakati ule inatisha: kutoka California hadi Costa Rica, bendera moja. Tatizo ni kwamba ramani hailipi mishahara ya askari. Vita vya uhuru dhidi ya Hispania vilikuwa vimedumu miaka 11. Migodi ya Guanajuato ilijaa maji, na sarafu za fedha zilizopigwa chapa 1821 zilikuwa kama robo tu ya zile za kabla ya vita. Wahispania nao walikuwa bado wamejichimbia katika ngome ya San Juan de Ulúa, mlangoni kabisa mwa bandari ya Veracruz, na hawakutoka hadi 1825. Iturbide akavunja bunge, akatoa noti ambazo watu hawakuziamini, majenerali wakamgeuka. Machi 1823 akajiuzulu. Mwaka huohuo Amerika ya Kati ikajitoa, isipokuwa Chiapas.

Mtu aliyerithi hazina tupu na majenerali wenye njaa ya vyeo, hata angekuwa na akili kiasi gani, asingefika mbali. Ndiyo maana mimi naurudisha mjadala nyuma, hadi Machi 1808.

Mwezi huo familia ya kifalme ya Ureno, iliyomkimbia Napoleon wa Kwanza, ilitia nanga Rio de Janeiro. Mwezi huohuo, kule Aranjuez, uvumi ulienea kwamba mfalme wa Hispania, Carlos IV, na waziri wake Godoy wanajiandaa kutorokea Amerika vilevile. Watu wakafanya ghasia kuwazuia, Godoy akakamatwa, mfalme akaachia taji. Wiki chache baadaye ukoo mzima ulikuwa mikononi mwa Napoleon.

Sasa chukulia wamefanikiwa kuondoka, wakashuka Veracruz. Mexico City ya wakati huo haikuwa kijiji: hesabu ya watu ya 1790 iliipa wakazi zaidi ya laki moja, wakati New York ilikuwa na elfu 33. Fedha yake ilizunguka dunia hadi huku kwetu. Ile sarafu ya Kihispania waliyoiita Unguja reale ya mzinga, nyingi zake zilipigwa Meksiko. Na mali hiyo ilikuwa ikinyonywa. Tangu 1804 Madrid ililazimisha mikopo ya taasisi za Kanisa irudishwe ili kulipia vita vya Ulaya, na wenye mashamba na migodi wakafilisika. Mfalme anayeishi Meksiko angebaki na fedha hiyo palepale.

Sisi wa pwani tuna mfano wetu. Seyyid Said alipohamishia makao Unguja, biashara na nguvu vilimfuata kutoka Muscat. Lakini alipofariki 1856, milki ilipasuka pande mbili, Majid huku na Thuwaini kule. Meksiko na Hispania zingeachana hivyohivyo, nadhani kwa utulivu kuliko ilivyotokea, kama Brazili na Ureno. Na Brazili ilibaki himaya hadi 1889, ikipoteza Uruguay tu.

Pingamizi kubwa ni Hidalgo, padri aliyeanzisha uasi dhidi ya Wahispania. Waliomfuata kutoka mji wa Dolores mwaka 1810 hawakusukumwa na suala la mfalme yuko wapi peke yake. Ukame ulikuwa umepandisha bei ya mahindi, na ardhi ilikuwa ya wachache. Taji lisingewashibisha. Pia Fernando VII, mrithi, ni yuleyule aliyefuta katiba ya Hispania ya 1812, iliyompunguzia mfalme mamlaka, mara tu aliporudi madarakani. Kwa hiyo damu ingemwagika. Nisichokiona ni miaka 11 ya kuharibu migodi, kwa sababu safari hii matajiri na maofisa wangekuwa na mfalme mmoja wa kumtii badala ya kugombania nani anayemwakilisha.

Texas naihesabu imekwenda kwa Wamarekani hata hivyo. Mmarekani Moses Austin alipewa kibali cha kuleta walowezi Januari 1821 na maofisa wa Hispania wenyewe, na walowezi hao walikuja na watumwa na pamba, wakiitazama New Orleans kuliko Mexico City. California ni suala jingine. Dhahabu ilionekana pale Sutter's Mill tarehe 24 Januari 1848, siku tisa kabla ya Meksiko kusaini mkataba wa kuikabidhi kwa Marekani. Himaya yenye hazina na meli za kivita ingeweza kuishikilia hadi siku hiyo. Baada ya hapo kaizari angeamka na wachimbaji wengi wasiojua Kihispania, na kazi ya kuwatoza kodi.