Kikokotoo: tunagombania asilimia, hasara iko kwingine

Mtumishi wa umma Tanzania akianza kulalamikia kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao ya kustaafu, atakutajia asilimia: sehemu ya pensheni inayolipwa kwa mkupuo, kwa pamoja anapostaafu. Ilikuwa 50, mwaka 2018 ikashushwa hadi 25, Rais Magufuli akasitisha mabadiliko hayo Desemba mwaka huohuo, Julai 2022 ikaja 33, na bajeti ya 2024/25 ikaifikisha 40 kwa waliokuwa wakilipwa 50. Serikali nayo hujibu kwa asilimia hizohizo: kinachopungua kwenye mkupuo kinaongezeka kwenye pensheni ya mwezi. Jibu hilo lina ukweli, ila linawahukumu wastaafu kana kwamba shida yao ni haraka ya kushika fedha.

Tupige hesabu. Mwalimu amechangia miezi 360, na wastani wa mshahara wake kwa miaka mitatu iliyo bora ndani ya kumi ya mwisho ni shilingi milioni 1 kwa mwezi. Kwa kanuni ya zamani ya PSPF na LAPF, mifuko ya pensheni ya watumishi wa umma wakati huo, ulizidisha miezi kwa mshahara wa mwaka, ukagawa kwa 540, ukapata pensheni kamili ya milioni 8 kwa mwaka. Nusu yake ilizidishwa kwa 15.5 kupata mkupuo, na nusu nyingine ikalipwa kila mwezi. Mwalimu akaondoka na milioni 62, na kila mwezi 333,000.

Leo kigawanyo ni 580 na kizidishio ni 12.5. Mwalimu huyohuyo, kwa asilimia 40, anachukua milioni 37.2 na 372,000 kwa mwezi. Zimeondoka karibu milioni 25, zimekuja 39,000 kwa mwezi. Kwa mwendo huo atahitaji zaidi ya miaka 52 kurudisha pengo. Akistaafu na miaka 60, awe hai akiwa na 112.

Na hata asilimia 50 ikirejeshwa kesho asubuhi, kwa 580 na 12.5 mkupuo wake utaishia milioni 46.6, na pensheni itashuka hadi 310,000. Ile milioni 62 hairudi. Vyama vya wafanyakazi vikidai asilimia peke yake vinadai kipande tu cha kilichokatwa.

Upande wa mifuko nao una hoja, tena nzito. Watu waliochangiwa asilimia 20 ileile ya mshahara walikuwa wakilipwa kwa kanuni mbili tofauti kwa sababu tu walisajiliwa mifuko tofauti. PSPF ilielemewa kiasi kwamba Serikali ililipa deni ambalo mfuko huo ulikuwa ukiidai kwa hatifungani (hati ya deni) isiyo taslimu ya shilingi trilioni 2.17. Mfuko usio na fedha haulipi mkupuo wala pensheni. Pia, ndani ya kanuni ya sasa, 12.5 ina maana yake: kila shilingi unayoiacha kwenye mkupuo inarudi kupitia pensheni baada ya miaka 12 na nusu. Anayestaafu na 60 akavuka 72 na nusu, mkupuo mdogo umemfaa.

Ila hesabu hiyo inadhani shilingi ya mwaka wa 12 itanunua kile inachonunua leo, wakati pensheni haipandi yenyewe kila bei inapopanda. Inadhani pia mstaafu atafika huko. Akifariki mapema, wategemezi wake hulipwa pensheni ya miezi 36, basi. Nyumba iliyojengwa kwa mkupuo inabaki na watoto. Utani wa mstaafu anayeoa mke wa pili na kununua bodaboda tatu unachekesha, lakini wengi wanasubiri mkupuo wapaue nyumba waliyoianza miaka 15 nyuma kwa mikopo ya mshahara. Ndiyo mara pekee maishani wanaposhika mtaji.

Wakati mjadala ukiendelea, kuna fedha ambazo mtumishi anaweza kuzitetea mwenyewe, na hazizungumzwi sana. Ya kwanza ni miezi. Mwajiri asipowasilisha michango ya mwaka mmoja, mwalimu wetu anapungukiwa milioni 1.24 kwenye mkupuo na 12,400 kila mwezi hadi kufa. Taarifa ya michango ilinganishwe na karatasi za mshahara mwezi kwa mwezi, na mapema, maana kumtafuta mhasibu aliyehamishwa miaka 20 iliyopita ni kazi.

Ya pili ni madaraja ya mshahara. Kwa kuwa kinachohesabiwa ni wastani wa miaka mitatu, anayepandishwa mwaka wa mwisho kwa nyongeza ya 300,000 anauona wastani ukipanda 100,000 tu. Aliyecheleweshewa daraja miaka mitatu ana haki ya kuuliza si malimbikizo peke yake, bali pia kama mshahara utakaotumika kwenye kikokotoo umerekebishwa kwa miaka yote mitatu. Swali hilo aliulize kwa barua, kabla hajasaini fomu za mafao.