Kwa Nini Heshima Isubiri Msiba?

Kila mwaka yanapotangazwa huko Nashville, Marekani, majina ya wanaoingizwa katika Ukumbi wa Umaarufu wa muziki wa kantri, hunikera kuona mashada ya maua yakifika baada ya mwenyewe kuzikwa. Mtazame DeFord Bailey, mpiga kinanda cha mdomo, mtu Mweusi aliyekuwa miongoni mwa nyota wa kwanza wa Grand Ole Opry, kipindi maarufu cha redio cha muziki wa kantri: alifukuzwa mwaka 1941, akajipatia riziki kwa kung'arisha viatu katika mji huo huo, akafariki mwaka 1982, na ukumbi ukaja kumkumbuka mwaka 2005. Miaka 23 kaburini! Mwimbaji Ray Charles, ambaye albamu yake ya mwaka 1962 iliwafikishia nyimbo za kantri watu ambao hawakuwahi kuzijali, aliingizwa karibu miaka 18 baada ya kifo chake.

Mwimbaji wa kantri Toby Keith alifariki tarehe 5 Februari 2024, kura za ukumbi huo zikiwa zimekwisha kupigwa, bila kuambiwa kwamba amechaguliwa. Hilo linaniuma zaidi, kwa kuwa ugonjwa wake ulikuwa ukijulikana na wote.

Naelewa kwamba kwa kawaida nafasi ni tatu tu kwa mwaka, lakini kundi la wakongwe, yaani wasanii waliovuma miaka mingi iliyopita, kupewa moja, huku foleni yao ikizidi kurefuka na umri wao ukizidi kusonga, ni kuwanyima kwa makusudi. Waongezewe nafasi mbili, na walio hai watangulizwe, wayasikie makofi kwa masikio yao wenyewe.