Kemo ni sumu, lakini seli ndiyo inayojiua

Wanaosema kemo, yaani dawa za saratani zinazotolewa mara nyingi kwa dripu, ni sumu wana sababu. Wameona nywele zikipukutika, mdomo ukitoka vidonda, damu ikipungua. Mzazi anayesita kumpeleka mwanawe kwenye dripu hizo si mjinga.

Hata hivyo naona kemo imesingiziwa mengi. Ilinganishe na penisilini, dawa ya kuua bakteria: huwazuia kujenga ukuta wao. Maji huingia, wakapasuka. Seli zetu hazina ukuta huo, kwa hiyo dawa haizigusi. Seli ya saratani imetoka mwilini mwetu wenyewe, haina alama ya wazi namna hiyo. Siklofosfamidi, mojawapo ya dawa za kemo, hufunga pamoja nyuzi za DNA yake. Seli ikitaka kugawanyika inakwama, inajikagua, na ikiona uharibifu hautengenezeki, inawasha mpango wa kujiua ambao seli zetu zote zinao. Nywele, utumbo na uboho huumia kwa kuwa seli za huko nazo hugawanyika kwa kasi.

Chukua uvimbe wa saratani wa taya ambao daktari Denis Burkitt aliueleza mwaka 1958, baada ya kuwaona watoto wa Uganda. Seli zake huongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili tu, na kwa kasi hiyohiyo hufa zikikutana na dawa. Miaka ya 1960 baadhi ya watoto hao walipona kabisa kwa dozi chache.

Lakini seli nyingi zikifa kwa mkupuo, humwaga potasiamu, fosfeti na asidi ya yuriki kwenye damu. Figo zinazidiwa, mapigo ya moyo yanavurugika, na mtoto anaweza kufariki siku chache baada ya dripu ya kwanza. Nyumbani watasema dawa imemuua, na sitawabishia: imefanya kazi upesi kuliko figo zilivyoweza kusafisha. Kinga yake inajulikana: maji mengi ya mshipani, dozi ndogo ya kuanzia, vipimo vya damu kila mara, na allopurinoli, kidonge kilekile cha wagonjwa wa jongo.

Uvimbe unavyokuwa mkubwa, ndivyo seli za kufa zinavyokuwa nyingi. Mtoto aliyefichwa nyumbani wiki kadhaa kwa kuogopa sumu ndiye anayefika wodini akiwa na mzigo mzito zaidi kwa figo zake.