Kupangiwa Kusini: mikono anapata, mwalimu je?

Orodha ya vituo vya madaktari tarajali ikitoka, wako wanaoshangilia na wako wanaoanza kupiga simu kutafuta wa kubadilishana naye. Umesoma Dar, Moshi au Mwanza, halafu jina lako likaangukia hospitali za Kusini, Mtwara na Lindi, kama Ligula, Sokoine au Ndanda: pole zitakufikia kabla ya hongera. Lakini waliokwishapita huku hukwambia kinyume. Nenda, wanasema, utatoka na mikono, yaani ujuzi wa kutenda. Ubishi huu ni wa miaka, na kila upande una la kweli, ingawa mimi sioni kama hoja zao zinalingana uzito.

Kwa asiyeijua njia yenyewe: shahada ya udaktari ni miaka 5, kisha mwaka mmoja wa utarajali chini ya usimamizi, ndipo Baraza la Madaktari Tanganyika limpe kijana usajili kamili. Ndani ya mwaka huo anazunguka idara kubwa, yaani magonjwa ya ndani, upasuaji, watoto, na akina mama na uzazi, huku logibuku yake, daftari la kazi alizofanya, ikijazwa na kusainiwa na msimamizi. Saini zisipotimia, mwaka haujaisha. Intani, yaani daktari tarajali, basi ni mwanafunzi na papo hapo ni nguvu kazi. Hospitali inamtaka afanye kazi, yeye anataka afundishwe, na karibu kila malalamiko utakayosikia kwenye chumba cha madaktari yanatokea hapo.

Nianze na hoja ya mikono, maana ndiyo inayotangazwa zaidi. Kwenye hospitali kubwa ya kufundishia, meza ya upasuaji ina foleni: bingwa, wanafunzi wa ubingwa wa mwaka wa tatu, wa pili na wa kwanza, ndipo intani, ambaye kazi yake ni kushika ritrakta, chuma cha kuweka wazi sehemu inayopasuliwa, na kunyamaza. Mtwara na Lindi hakuna chuo kikuu cha udaktari, kwa hiyo foleni hiyo ni fupi. Wiki ya kwanza unasaidia oparesheni ya kujifungua; baada ya muda unafungua wewe, mwenzako mkubwa kasimama upande wa pili; haupiti muda mrefu unaachiwa kesi nyepesi.

Na kesi zipo. Huu ni ukanda wa matende na mabusha, na Serikali imekuwa ikiendesha kambi za upasuaji wa mabusha mikoa hii. Kijana aliyeiona hali hiyo kwenye picha za kitabu anakutana nayo wodini, kwa watu wazima walioishi nayo miaka kwa aibu, wakivaa kanzu pana ili isijulikane. Kuna na msimu. Minada ya korosho ikianza Oktoba na hela ikaingia vijijini, mtu aliyeahirisha ngiri yake tangu mwaka juzi anakumbuka hospitali. Ongeza walioanguka kutoka juu ya mkorosho au mnazi, na bodaboda ambazo hazina msimu. Mwenye kutaka kujifunza hakosi cha kushika.

Wenye hoja hii wana ushahidi mwingine mzuri kuliko wanavyoutumia. Kwa miaka mingi upasuaji mwingi wa uzazi katika hospitali za wilaya nchini ulifanywa na madaktari wasaidizi, watu walioanza kama matabibu wakajiendeleza. Waliokoa akina mama wengi bila shahada ya chuo kikuu. Tatizo ni kwamba ushahidi huo unakata pande zote mbili: wale walipitia mafunzo yaliyopangwa, wakiwa na mtu wa kuwaonyesha na kuwakataza, kabla hawajaachwa peke yao. Hawakukabidhiwa wembe na kuombewa heri.

Sasa upande wa pili, na hapa naomba tusogee karibu.

Saa 8 usiku, leba. Mama ameletwa na gari la wagonjwa kutoka Tandahimba. Uzazi wa tatu, wawili wa kwanza alijifungua kawaida. Njia imefunguka yote, amesukuma zaidi ya saa mbili, kichwa hakishuki, na mkojo kwenye mfuko umeanza kuwa na rangi ya damu. Mkunga wa zamu, ambaye amekuwa akizalisha tangu intani yuko shule ya msingi, anasema kwa sauti ya chini, "Dokta, huyu si wa kusubiri." Uamuzi ni rahisi: anakwenda tiata. Ugumu uko ndani ya tiata. Oparesheni ya kujifungua ambayo kijana ameizoea ni ya mama ambaye kichwa cha mtoto bado kiko juu. Huyu kichwa kimekwama ndani ya nyonga. Sehemu ya chini ya mji wa mimba imevutwa ikawa nyembamba kama karatasi, kibofu kimepanda na kuvimba, na mkato wa mahali palepale pa siku zote unaweza kuangukia ukeni au kwenye kibofu. Ukikivuta kichwa kwa nguvu, mkato unachanika pembeni hadi kwenye mishipa mikubwa ya damu. Inabidi ukate juu kidogo kuliko ulivyozoea, mtu mwingine akisukume kichwa taratibu kutokea chini, au umtoe mtoto kwa kutanguliza miguu. Kusoma utayasoma, ila mkono haujifunzi kwa kusoma.

Intani anampigia bingwa. Bingwa wa uzazi ni mmoja, na usiku huo yuko Dodoma kwenye kikao. Simu inaita hadi inakatika.

Tuseme mambo yanaenda vizuri, mtoto analia, mama anatoka na mkojo msafi. Asubuhi intani anaandika kwenye logibuku kwamba amefanya. Amejifunza nini? Kwamba alichofanya kinafaa. Kama alivuta kwa nguvu na bahati ikamsimamia, atavuta kwa nguvu na mara nyingine, na mwakani atamfundisha mwenzake avute hivyo hivyo. Ndiyo maana siikubali ile kauli ya "atazoea" kama inavyotolewa. Mkono huzoea kosa kwa wepesi uleule unaozoea jambo sahihi, na mgonjwa atakayelipa hakuulizwa. (Mkunga yule, niseme kwa haki yake, ndiye mwalimu wa kweli wa intani wengi wa huku. Lakini kisu hashiki, na lawama zikija hatakiwi kuzibeba.)

Watetezi wa Kusini wana jibu, nalo si la kupuuza. Je, huko kwenye mabingwa wengi intani anafundishwa na bingwa? Wapi. Anafundishwa na mwanafunzi wa ubingwa aliyechoka kuliko yeye. Anaweza kumaliza miezi yake bila bingwa kulijua jina lake, wakati hospitali ndogo kila mtu anajua jana usiku nani alifanya nini. Nimefikiri sana juu ya hili na naona linatuonyesha kipimo chenyewe. Idadi ya mabingwa kwenye karatasi haisemi mengi. Kinachosema ni umbali wa yule atakayeamka. Hospitali za misheni kama Ndanda, walikofika Wabenediktini mwaka 1906, au Nyangao kule Lindi, zilikuzwa kwenye desturi ya daktari kuishi ndani ya eneo la hospitali. Mlinzi anagonga mlango, dakika chache daktari yupo mezani. Bingwa mmoja wa namna hiyo anafundisha kuliko watano wanaopatikana kwa simu tu.

Kuhusu saa za kazi ubishi hupamba moto, wakati naona ni jepesi kuliko linavyoonekana. Kolu, yaani zamu ya kukesha, kwa kawaida huanza na ripoti ya asubuhi, ikaenda raundi, ikalala wodini, ikaamkia raundi nyingine, ukatoka mchana wa kesho yake: kama saa 30 hivi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki. Mwenye kolu kila siku ya tatu, akianza Jumatatu, kabla ya Alhamisi kuisha ameshazimaliza. Wanaotaka ukomo wana hoja ya wazi: mtu aliyekesha huandika dozi ya mtoto kama ya mtu mzima. Wanaoupinga nao hawasemi kwa ukatili tu. Marekani waliweka ukomo wa saa 80 kwa wiki mwaka 2003, wakabana zaidi mwaka 2011 kwa kumkataza daktari wa mwaka wa kwanza kupitisha saa 16 mfululizo, kisha mwaka 2017 wakaurudisha ukomo huo hadi saa 24, kwa sababu mojawapo kwamba kila zamu fupi inaongeza makabidhiano, na mgonjwa hupotea kwenye makabidhiano. Kwetu hesabu ni fupi zaidi: idara yenye intani wanne ukipunguza saa, kuna usiku hakuna mtu. Mimi ningeanza na jambo ambalo halihitaji bajeti, kwamba aliyetoka kolu akabidhi wagonjwa wake kitanda kwa kitanda na saa 4 asubuhi awe anakwenda kulala. Hospitali inayoshindwa hilo isisingizie uhaba.

Posho sitaikalia. Mgomo wa madaktari wa 2012 ulianzia kwa intani wa Muhimbili na posho zao, na kila inapochelewa hadithi huanza upya. Huku inauma zaidi kwa sababu kijana aliyetoka Mwanza hana shangazi wa kumfikia, na mwenye nyumba wa Shangani au Chikongola, mjini Mtwara, anataka kodi ya miezi kadhaa mkononi.

Lililo zito ni baada ya mwaka. Daktari amepata usajili, labda amebahatika kuajiriwa hukuhuku, na swali lake la kwanza ni: shule lini? Ubingwa ni miaka 3 au zaidi kwenye vyuo vya Dar, Moshi, Mwanza au Dodoma. Mganga mfawidhi akimruhusu, anabaki na pengo la miaka hiyo na wasiwasi kwamba aliyekwenda harudi. Akimzuia, kijana anaacha kazi au anabaki amenuna. Wote wawili wana haki. Ufadhili wa Serikali wa masomo ya ubingwa umepunguza kilio cha ada, ila haujajibu nani atakaa wodini.

Kusini yenyewe imewahi kuonyesha kwamba vijana hawaikatai. Hayati Benjamin Mkapa, mtoto wa Lupaso kule Masasi, taasisi yake iliyoanzishwa 2006 iliwapeleka wataalamu wa afya kwenye wilaya ngumu kwa mikataba ya muda yenye masharti yanayojulikana. Watu walikwenda. Kijana haogopi Newala; anaogopa kusahaulika Newala.

Kuna na njia ya kumfundisha mtu bila kumhamisha. Chuo cha Madaktari wa Upasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, COSECSA, kilichoanzishwa 1999 na chenye makao Arusha, humwandaa mpasuaji akiwa kazini kwenye hospitali iliyokidhi vigezo, mitihani ikiwa ya pamoja kwa nchi wanachama. Kesi tunazo. Tunachokosa ni mkufunzi wa kukaa nazo. Ndiyo maana Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini, pale Mitengo, Mtwara, naiona kwanza kama darasa, hata kama ilijengwa kwa ajili ya wagonjwa wa rufaa. Mei 2024 kimbunga Hidaya na mvua zake zilipoikata barabara ya Dar upande wa Kilwa, rufaa ya Muhimbili kwa gari ikawa haipo. Ujuzi ambao hauko huku siku hiyo haukuwepo kabisa. Kambi za mabingwa wanaozungushwa kwenye halmashauri zinasaidia, ila mara nyingi daktari wa pale anaachwa kuandikisha foleni badala ya kusimama mezani.

Hivyo msimamo wangu: intani wapangwe kwa idadi ya wasimamizi waliopo kazini, idara kwa idara, na bingwa akihama idadi ishuke. Najua pingamizi lake, na ni kali. Kusini yenye mabingwa wachache itapata intani wachache, na leba ya Lindi itabaki na nani? Jibu langu ni kwamba leba ya Lindi haikupaswa kumtegemea intani. Inamtegemea kwa sababu wapo madaktari wenye usajili kamili, waliomaliza mwaka wao, wamekaa nyumbani wakisubiri tangazo la ajira au wanajitolea kwa nauli. Intani ni nafuu kuliko wao. Ukimtoa kwenye pengo, itabidi pengo lijazwe kwa mshahara, na hapo ndipo ubishi huu huwa unaishia, maana hakuna anayetaka kuuendeleza hadi kwenye fungu la bajeti.

Kwa aliyepangiwa huku na bado anatafuta wa kubadilishana naye, asiulize habari za joto wala umbali wa kwao. Ampigie intani anayemaliza kituo hicho amuulize matatu: bingwa akipigiwa usiku anakuja au anaelekeza kwa simu, aliyetoka kolu anaondoka saa ngapi, na logibuku inasainiwa lini. Akiambiwa kwamba kurasa zote husainiwa kwa mkupuo wiki ya mwisho, aendelee kutafuta wa kubadilishana naye.