Takomita ya kebo inabebeshwa makosa yasiyo yake

Mwenye gari la kale akilalamika kwamba mshale wa takomita, kile kipimo cha dashibodi kinachoonyesha injini inazunguka mara ngapi kwa dakika, unatetemeka, siku hizi ushauri unaomfikia kwanza ni ule ule: ng'oa mashine ya ndani, weka kadi ya elektroniki, rudisha uso na mshale wa asili, hakuna atakayegundua. Ushauri huo una hoja za kweli. Tatizo ni kwamba unatolewa haraka mno, na mara nyingi unatibu kifaa ambacho hakiumwi.

Tuanze na hoja hizo. Kwenye MGA, gari la michezo la Kiingereza, kebo ya takomita (waya unaozunguka ndani ya ganda) inachukua mwendo kutoka kisanduku kidogo cha gia kilichofungwa nyuma ya dainamo, jenereta ya kizamani ya kuchaji betri. Akitaka umeme zaidi wa taa na feni, mwenye gari anafunga alteneta, jenereta ya kisasa zaidi, na alteneta haina pa kukifunga kisanduku hicho. Takomita inageuka pambo. Triumph TR6 nayo inachukua mwendo kwenye distribyuta, kifaa kinachogawa umeme wa cheche kwa kila silinda. Ukifunga distribyuta ya kisasa isiyo na tundu la kebo, umefika pale pale. Hata viwanda vyenyewe vilihama. Jaguar E-Type ya 1961 ilikuwa na jenereta ndogo mwishoni mwa kamshafti (mhimili unaofungua vali za injini) iliyopeleka umeme kwenye takomita, na Corvette iliachana na kebo katika modeli ya 1975, ilipopata mfumo mpya wa kuwasha cheche. Anayebadili leo, basi, hafanyi jambo la ajabu.

Ninachokataa ni ile sentensi inayofuata kila mara: kwamba takomita ya kebo ni ya kubahatisha tangu ilipotengenezwa. Sivyo. Kebo inazungusha sumaku. Kuizunguka sumaku kuna kikombe cha alumini ambacho hakigusani nayo kabisa. Sumaku ikizunguka inazalisha mikondo ya umeme ndani ya alumini, mikondo inakivuta kikombe kiifuate, na springi nyembamba kama unywele inakizuia. Mvuto unaongezeka sawasawa na mwendo, ndiyo maana namba kwenye uso zimepangwa kwa nafasi zinazolingana. Na waliotengeneza walifikiria mambo ambayo wengi wetu hatuyafikirii. Alumini ikipata joto hupitisha umeme kwa shida zaidi: kila nyuzi 10 za Selsiasi, ukinzani wake hupanda kwa takriban asilimia 4. Dashibodi iliyokaa juani ingeufanya mshale usome chini. Kwa hiyo kwenye sumaku wakaweka kipande cha aloi kinachochepusha sehemu ya nguvu yake wakati wa baridi na kuiachia irudi kwenye kikombe joto linapopanda. Hii ndiyo mashine inayotupwa kwenye ndoo ya vyuma chakavu ili kadi ipate nafasi.

Mshale unaotetemeka unatoka wapi, basi? Mara nyingi, kwenye kebo. Vua waya wa ndani, ulaze kwenye meza bapa, uuviringishe chini ya viganja. Ulio mzima unaviringika kimya. Uliokunjika unaruka kila mzunguko unapofika kwenye kikunjo. Ndani ya ganda lake waya huo hujikaza, kisha hujiachia ghafla, na takomita inaonyesha kwa uaminifu kile inacholetewa. Angalia pia njia ya kebo nyuma ya dashibodi: mpindo wa nusukipenyo chini ya sentimita 15 ni mkali mno. Halafu grisi. Ipakwe theluthi mbili za chini tu. Ikipakwa hadi juu, inapanda na waya mpaka ndani ya takomita, inajaa kati ya sumaku na kikombe, na mshale unalala mwisho wa kipimo hata injini ikiwa silensa, yaani inanguruma tu bila kukanyagwa mafuta. Fundi asiyejua hili anasema takomita imekufa. Imelishwa grisi tu, nayo inasafishika.

Kuna lawama moja ambayo siwezi kuipuuza, na inayahusu magari yenye kebo nyuma ya dainamo. Takomita hiyo inapima dainamo, na dainamo inazungushwa na mkanda. Mkanda ukiteleza kwa asilimia 5, injini inayozunguka mara 6,000 kwa dakika itaonyesha 5,700. Kosa liko upande mbaya: dereva anaamini bado ana nafasi kabla ya alama nyekundu wakati ameshaifikia. Sumaku iliyochoka kwa umri nayo inadanganya upande huo huo. Kwa anayekimbiza gari lake mashindanoni, hapa elektroniki inashinda na sitambishia, maana inahesabu cheche: injini ya silinda nne ya mipigo minne inatoa cheche mbili kila mzunguko, kwa hiyo mizunguko 3,000 kwa dakika ni cheche 100 kwa sekunde, mkanda uteleze usiteleze. Lakini kwa matumizi ya kawaida, mkanda huo huo ndio unaozungusha pampu ya maji na kuchaji betri. Unaoteleza ni wa kukazwa au kubadilishwa leo, takomita iwe ya aina yoyote. Sumaku nayo, fundi wa mita anaweza kuitia nguvu upya.

Na kuhesabu cheche kuna gharama zake. Mfumo wa kuwasha unaotoa cheche kadhaa kwa mpigo mmoja huichanganya kadi isipopewa waya wake maalumu. Magari mengi ya Kiingereza ya kabla ya katikati ya miaka ya 1960 yana chanya kwenye bodi, yaani nguzo chanya ya betri ndiyo iliyounganishwa na bodi ya gari. Kadi iliyotengenezewa hasi kwenye bodi inaungua ukiiunga bila kujua. Porsche 356 nyingi zilitoka na volti 6, na kadi nyingi zinataka 12. Ndipo mwenye gari anapojikuta anageuza nguzo za betri, au anabadilisha dainamo, mota ya wipa na taa zote, kwa sababu ya mshale mmoja. Sijui kama angekubali safari hiyo angeelezwa yote mwanzoni.

Kwa gari ambalo kweli halina tena pa kuchomeka kebo, iko njia isiyotajwa inavyostahili: kisanduku chenye mota ndogo kinachosoma cheche kutoka koili, inayozalisha umeme wa cheche hizo, na kuzungusha kebo fupi nyuma ya takomita ile ile. Ni kikubwa kuliko kadi, kinahitaji mahali pa kufichwa, na kina kelele kidogo. Ila hakigusi chochote ndani ya takomita, na kikivuliwa gari linarudi lilivyokuwa.

Anayeamua kuweka kadi hata hivyo, amwambie fundi mapema kwamba sumaku, kikombe na springi vitolewe vikiwa vizima, vikae pamoja kwenye mfuko, na juu yake iandikwe namba ya uso na uwiano wa mizunguko ya kebo kwa mizunguko ya injini. Bila uwiano huo, atakayetaka kuvirudisha atalazimika kuupima upya kwenye injini.