Sufuria ya Masaka

Baba mkubwa anatunza picha zake za Vita vya Kagera kwenye mkebe wa biskuti chini ya kitanda, pamoja na vyeti vya watoto na risiti za zamani. Mwaka jana nilimwomba anionyeshe. Nilitegemea bunduki, vifaru, moshi. Akanipa picha moja ndogo iliyofifia: wanaume watatu wamechuchumaa kuzunguka sufuria, mmoja kifua wazi, shati lake limeanikwa kichakani. Nyuma pameandikwa kwa kalamu ya bluu: Masaka, Machi 1979.

"Mlikuwa mnapika nini hapo, Baba mkubwa?"

"Ndizi. Na chumvi ilikuwa imetuishia siku ya tatu hiyo, mwanangu."

Akazungumzia chumvi kwa karibu nusu saa. Nani alikuwa nayo akaificha, nani aliibadilisha kwa sigara, nani aliapa kwamba akirudi kwao hatakula tena ndizi zisizo na chumvi.

Tangu siku ile naamini kwamba picha za namna hii zinaijua vita kuliko picha za vita zenyewe. Historia tuliyosoma shuleni huruka kutoka tarehe hadi tarehe: majeshi ya Idi Amin wa Uganda yavamia Kagera Oktoba 1978, Mwalimu Nyerere atamka kwamba sababu tunayo, nia tunayo na uwezo tunao, Masaka yatekwa 24 Februari 1979, Kampala 11 Aprili. Kati ya Masaka na Kampala ni mwendo wa kilomita 130 hivi, na kati ya tarehe hizo mbili kuna siku 46. Ndani yake mlikuwa na mapigano makali, Lukaya kwa mfano. Lakini askari hapigani siku 46 mfululizo. Anatembea, anangoja amri, anafua, anatafuta maji, anaumwa tumbo, anaota nyumbani. Hakuna kitabu changu cha shule kilichonieleza habari ya chumvi.

Hamu hii ya askari kujipiga picha si ngeni. Mwaka 1912 Kodak walitoa kamera ya kukunjwa iliyoenea mfukoni, na Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, vijana wengi wa Ulaya walikwenda nayo kwenye mahandaki. Krismasi ya 1914 Waingereza na Wajerumani walitoka mahandakini, wakasalimiana, wakapeana sigara, na baadhi yao wakapiga picha pamoja. Mojawapo ilichapishwa na gazeti la Daily Mirror tarehe 8 Januari 1915. Jeshi la Uingereza lilipiga marufuku kamera za askari, na mimi sishangai. Ni vigumu kumlenga mtu uliyesimama naye bega kwa bega mbele ya kamera.

Hata hivyo, siwezi kuzisifu picha hizi bila kutaja zile zilizoninyima usingizi. Karl Höcker alikuwa msaidizi wa mkuu wa Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi. Albamu yake yenye picha 116 ilifika kwenye jumba la makumbusho la Holocaust, yale mauaji ya Wayahudi, mjini Washington mwaka 2007. Ndani yake mna wasichana wa ofisi wamekaa juu ya ukingo wa daraja wakila matunda kwenye vibakuli, mmoja akionyesha kwa masikitiko ya mchezo kwamba chake kimekwisha. Mna maofisa wanaimba, mwenzao akipiga akodiani. Ni majira ya joto ya 1944, miezi ile ile ambayo Wayahudi zaidi ya 400,000 kutoka Hungaria walikuwa wakipelekwa pale pale Auschwitz, na wengi wao kuuawa siku ya kufika. Vicheko vile havikuwa vya kuigiza, na kwangu hilo ndilo linalotisha zaidi. Maisha ya kawaida yanaweza kukaa jirani kabisa na mauaji, wala yasitetereke. Kwa hiyo nikiona picha ya askari anacheka, sasa nauliza: nje ya ukingo wa picha kulikuwa na nini?

Nauliza pia kamera ilikuwa ya nani. Vita hiyo hiyo ya 1914 ilipiganwa huku kwetu kwa vichwa na mabega ya wapagazi. Upande wa Waingereza pekee ulitumia wapagazi wapatao milioni 1, na hesabu rasmi inataja vifo zaidi ya 95,000. Jina la Kariakoo limetoka kwao, kwenye Carrier Corps, kikosi chao. Maofisa wa Kizungu waliwapiga picha: mistari mirefu ya watu na mizigo, na chini yake mara nyingi neno moja tu, wapagazi. Picha waliyojipigia wenyewe, wakiota moto jioni au wakigombania chumvi, mimi sijawahi kuiona.

Ndiyo maana siku ile niliomba kalamu. Baba mkubwa alinitajia majina polepole nami nikaandika nyuma ya picha, chini ya neno Masaka. Alitaja manne.

"Mbona naona watu watatu?"

"Wa nne ndiye aliyepiga. Kamera ilikuwa yake." Akaichukua picha, akaitazama kwa muda. "Huyo amelala Kaboya, kwenye makaburi ya mashujaa. Sina picha yake hata moja."