Haina Nipo, Lakini Ina Mwisho

Kila gari langu likipanda jeki hapa Malindi nasikia maneno yale yale: "Hii krosi ni sildi, haina nipo, haitaki kitu." Nipo ni kile kichuchu cha kupigia grisi; sildi ni iliyofungwa kabisa, isiyo nacho. Maneno hayo nayapinga, na nayapinga kwa sababu yameshanigharimu.

Krosi ni kile kiungo cha umbo la msalaba kwenye propela (chuma kirefu chini ya gari kinachopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu), kinachoiwezesha kujikunja huku ikizunguka gari linapopanda na kushuka mashimo. Waitaliano wa mjini kwetu huiita propela kardano, kwa jina la Gerolamo Cardano, mwanahisabati wao wa karne ya 16. Ncha nne za msalaba huvaa kofia, na ndani ya kila kofia mmepangwa beringi nyembamba kama sindano. Krosi yenye nipo hupigwa grisi mpya mpaka kuukuu itokeze kwenye sili, ule mpira unaoziba mdomo wa kofia. Ya sildi hutiwa grisi mara moja kiwandani, basi. Kwa nguvu sina ugomvi nayo: msalaba wake haukutobolewa njia ya grisi, chuma chake ni kizima. Lakini wanaposema imefungwa maisha, ni maisha ya krosi yenyewe, si ya gari.

Na pwani hii huyafupisha. Mchanga wa ufuoni Mambrui una chumvi, na masika vijito hukata njia za mashambani. Propela iliyotoka safari ndefu ina joto. Ukiitumbukiza majini, hewa iliyo ndani ya kofia hupoa ghafla, husinyaa, na huvuta maji kupitia sili. Krosi yenye nipo, jioni unayasukuma maji nje kwa grisi. Ya sildi inalala nayo.

Land Cruiser yangu ilianza na mlio mwembamba, kwi kwi kwi, uliokwenda na kasi ya magurudumu. Halafu kila nikitoka gia ya mbele kwenda rivasi, ko! Nikaipeleka gereji. Jibu likawa lile lile, na hakuna aliyelala chini kuangalia. Siku chache baadaye, njia ya Marafa, krosi ya nyuma ikakatika na propela ikaning'inia ikigonga chasisi. Nilikuwa na watu wanne garini. Namshukuru Mungu tulikuwa mwendo wa pole.

Tulipoing'oa kofia moja iliyosalia, hamkuwa na tone la grisi. Mlikuwa na unga mwekundu wa kutu, na sindano zilikuwa zimechimba mifereji kwenye ncha ya msalaba. Ukipitisha ukucha unaihesabu.

Tangu siku hiyo naamini faida kubwa ya nipo si hata grisi. Nipo humlazimisha fundi aingie chini ya gari. Akiwa pale na bomba lake ataona pia boliti iliyolegea, sili inayovuja, mpira wa sivi (kiungo cha ekseli kwenye gurudumu) uliopasuka kabla mchanga haujaanza kuila sivi kama msasa. Sildi imetuondolea jicho hilo, na ndiyo inayolihitaji zaidi.

Kwa hivyo kila nikibadilisha oili, kila kilomita 5,000, nasimamia mwenyewe. Gari mahali tambarare, magurudumu yamezuiwa kwa mawe, gia huru, hendibreki chini. Mkono mmoja unashika propela, mwingine unashika upande wa pili wa krosi, kisha unapinda huku na huku. Ikicheza hata kidogo, au kofia ikiwa na vumbi la kutu, inatoka. Kabla ya kuifungua propela tunaitia alama irudi ilivyokuwa. Ikigeuzwa gari zima linaweza kutetemeka. Na kwenye kuosha, maji baridi (yasiyo ya chumvi) ya kutosha kuondoa chumvi, lakini pampu ya presha isielekezwe kwenye sili.

Nyuma sasa nimeweka yenye nipo. Ya mbele bado ni sildi. Kofia zake nimezipaka rangi nyeupe, fundi akiingia chini ajue ndiyo ya kushika kwanza.